Barua ya wazi kwa mliochukua alama za vidole vyetu

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Gavana wa Benki Kuu, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kijiwe changu kiko jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro: mwavuli, meza, kiti kimoja cha plastiki cha mteja, simu za uwakala za mitandao minne na daftari la miamala ambalo jalada lake limeshaliwa na jasho. Mwaka wa tisa sasa nipo hapo. Wanaoshuka kwenye mabasi ya Dodoma na Iringa wananijua kwa rangi ya mwavuli kuliko kwa jina.

Naandika kuhusu ile meseji. Hamhitaji niwaeleze ni ipi, maana naamini hata nyie inawafikia: ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Nchi nzima tunaicheka. Imekuwa utani, ukimdai mtu hela yako anakujibu "itume kwenye namba hii" mnacheka wote, na deni linasogea wiki nyingine. Mimi kicheko kiliniisha Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi.

Alikuja mteja wangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu, mama wa watu ambaye hata salamu anakusahihisha ukiitikia vibaya. Alikuwa na shilingi 240,000 kwenye bahasha ya kaki, kodi ya miezi mitatu. "Mwanangu, niwekee hii, halafu unisaidie kuituma. Miwani nimeisahau nyumbani." Nikamwekea kwenye laini yake. Akanipa kitochi chake, akanionyesha ujumbe: ile hela ya kodi itume kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu, simu yangu ina shida ya maiki. Namba nikaibonyeza mimi. Jina likaja, la mwanamke, kama ujumbe ulivyosema. Nikamuuliza, "Mwalimu, una uhakika?" Akasema mwenye nyumba alimkumbusha kodi juzi yake tu. Akaipokea simu, akaandika namba yake ya siri huku ameifunika kwa kiganja, kama matangazo yenu yanavyofundisha.

Aliyeandika ujumbe ule hakumjua Mwalimu wala mwenye nyumba wake. Anarusha maneno yaleyale kwa maelfu ya namba kama mvuvi wa juya, na mwisho wa mwezi hakosi mwenye kodi mkononi. Ndiyo maana nasema anayenaswa si mjinga. Ni mtu aliyekuwa na deni halali siku ileile.

Dakika 40 baadaye Mwalimu alirudi. Hakuketi. Mwenye nyumba kampigia kuuliza kodi, kwa simu ileile ambayo maiki yake haina shida.

Nikapiga huduma kwa wateja. Tulisikiliza muziki na matangazo ya vifurushi mpaka bodaboda wa pembeni akawa anauimba ule wimbo. Tulipopata mtu alikuwa mpole, simlaumu, lakini alichotueleza ni hiki: pesa imeshatoka kwenye namba ile, imekwenda mtandao mwingine, hawezi kusema zaidi, twende polisi tukachukue RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa yetu, kisha polisi waandike barua. Ilikuwa saa 11 jioni. Kituoni wakatupa RB, wakatuambia mwenye dawati la makosa ya mtandao yuko ngazi ya mkoa, tuje Jumatatu. Jumamosi ikapita, Jumapili ikapita. Jumatatu Mwalimu alifika kituoni saa 1 asubuhi akiwa na mkoba wake na kalamu yake mwenyewe. Majibu ya maana yalikuja wiki ya tano: laini iliyopokea pesa imesajiliwa kwa kitambulisho cha bibi mmoja wa mkoa mwingine ambaye, alivyotuambia askari, hata kutuma meseji hajui.

Hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria nyie.

Mnakumbuka mwaka 2019. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei, na tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba. Foleni za NIDA, za vitambulisho vya taifa, zilikuwa za kulala. Mimi nilipanga mara tatu, siku moja nikamkuta mjamzito amekaa juu ya tofali tangu alfajiri. Rais Magufuli mwenyewe alisajili laini yake Chato mwishoni mwa Desemba, akaongeza siku 20, na 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Sababu tuliyopewa ilikuwa moja na tuliielewa: kila laini iwe na mwenyewe, mhalifu akitumia simu apatikane. Tukakubali. Tuliwapa vidole vyetu kwa ahadi hiyo.

Sasa niwaeleze vidole vile vilivyotumika huku chini, kwa sababu nadhani taarifa mnazoletewa mezani zimefuliwa na kupigwa pasi.

Laini husajiliwa na vijana tunaowaita mafrilansa. Wanatembea na simu, kimashine cha kidole na begi la laini. Hawana mshahara, wanalipwa kwa idadi. Anakuja kwako kurudisha laini iliyopotea, unaweka kidole, anasema, "Haijasoma, mama, weka tena." Unaweka. "Mtandao unasumbua, futa jasho, weka tena." Kidole cha kwanza kimerudisha laini yako. Cha pili kimezaa laini nyingine usiyoijua, na cha tatu vilevile. Kijijini ni rahisi zaidi: anafika siku ya gulio, anagawa laini za bure zenye dakika na vifurushi, wazee wanapanga mstari kwa furaha. Zile laini za ziada zinauzwa zikiwa zimeshasajiliwa. Bei siiandiki hapa nisije nikawa nawatangazia biashara, lakini ni ndogo kuliko mnavyodhani, na anayenunua haulizwi kitu.

TCRA mlitupa njia ya kujikagua. Ukipiga *106# unaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ni jambo jema, nalisifu kwa dhati. Baada ya yale ya Mwalimu nilikwenda Kilosa kumwona mama yangu mdogo, nikamwomba simu yake. Yeye ana laini moja, anaiita "ya mjomba" kwa sababu mjomba ndiye aliyemnunulia. Tukapiga *106#. Zikaja namba nne. Akaniuliza, "Hizo nyingine za nani, mwanangu?" Nikamwambia ni za kwako, mama. Akacheka, akadhani namtania.

Kila moja ya zile tatu ilipozaliwa, mfumo wenu ulijua. NIDA ilijua, kampuni ilijua, kimashine cha frilansa kilijua, na frilansa yule alikuwa ameingia kwa jina na namba yake ya usajili. Aliyekuwa hajui ni mwenye kidole peke yake. Inashindikana nini laini mpya inaposajiliwa kwa kitambulisho changu, ujumbe ukaja kwenye laini niliyo nayo: kuna laini inasajiliwa kwa jina lako, kama si wewe bonyeza 2? Ujumbe wa bahati nasibu unanifikia saa 6 usiku bila kuuomba. Wa kifurushi cha usiku unanifikia. Huu mmoja tu ndio unaokosa njia?

Mnaweka matangazo redioni mkituambia tuwe makini. Tusimpe mtu namba ya siri, tusitume pesa kabla ya kupiga simu kuhakiki, meseji za kitapeli tuzipeleke 15040. Mimi nazipeleka; naamini nimeshazipeleka zaidi ya mia. Kila ninapopeleka nashukuriwa kwa ujumbe wa mashine, na kesho yake naletewa nyingine yenye maneno yaleyale mpaka kosa la herufi ni lilelile. Sasa ukinisikiliza mimi na Mwalimu, wote tulikuwa makini. Yeye alificha namba ya siri, mimi nilisoma jina kwa sauti. Jina lilikuwa la kweli. Lilikuwa jina la bibi wa watu kabisa, limethibitishwa na NIDA kwa kidole chake. Usajili ule uliokuja kutulinda ndio uliompa tapeli jina safi la kuvaa.

Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao wa X iliingiliwa, yakawekwa mambo ya aibu na uongo kuhusu Rais. Sikusikia kiongozi hata mmoja akilisema Jeshi la Polisi kwamba lilikuwa zembe, lijifunze kutunza nywila. Lilionekana limefanyiwa uhalifu, na ndivyo ilivyokuwa. Haikupita muda mtandao mzima wa X ukawa haupatikani nchini bila kupitia njia za panya. Mtu mzima aliyepoteza kodi yake ndiye anayeambiwa "ulikuwa wapi?"

Na msiniambie kumpata mtu ni kazi. Mwaka 2016 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwananchi kwa alichoandika Facebook kuhusu Rais wa wakati ule, ikampa faini ya shilingi milioni 7 au jela miaka 3. Aliandika, akatafutwa, akapatikana, akashtakiwa. Na tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, yenye kosa la udanganyifu wa kompyuta ndani yake. Sheria hiyo inampa polisi uwezo wa kuagiza taarifa zilizomo kwenye mitambo zitolewe. Kwa hiyo jicho lipo. Mimi siombi jicho jingine. Yaliyopo yananitosha na mengine yananitisha. Nauliza kwa nini linaona haraka upande mmoja, na upande wa shilingi 240,000 za Mwalimu lina mtoto wa jicho.

Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, mimi nilikuwa hapa mezani. Ilitangazwa, siku ikafika, na tangu muamala wa kwanza wa asubuhi mfumo ulikata. Haukukosea mtandao, haukukosea mkoa, haukumwomba mtu RB. Kila shilingi ilijua inatoka wapi inakwenda wapi. Nilipoteza wateja miezi ile, na watu wakarudi kutuma hela kwa makondakta wa mabasi, lakini nilijifunza kitu ambacho sijakisahau: kila muamala wa nchi hii unaonekana, sekunde ileile unapofanyika. Siku hizi hata pesa ikiruka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine inapita TIPS, mfumo wa Benki Kuu yenyewe. Kwa hiyo Gavana, mtu wa huduma kwa wateja anaponiambia "imeshakwenda mtandao mwingine" kana kwamba imevuka bahari, naomba uniruhusu nisimwamini.

Hapa lazima niseme na letu mawakala, maana barua ya kulaumu wengine tu haina haki.

Pesa ya wizi haiwi pesa mpaka ikae mkononi, na anayeiweka mkononi ni mimi. Wanakuja. Kijana ana simu mbili, moja haitoi machoni, kofia imeshuka, anataka kutoa 400,000 na haraka ya mtu mwenye mgonjwa. Taratibu inasema niombe kitambulisho na niandike daftarini. Nakiri mbele yenu kwamba kitambulisho tunawaomba wazee watulivu. Wenye haraka tunawapa waende. Kamisheni ya muamala ule ndiyo unga wa jioni. Na nikikataa, mwavuli mwingine uko hatua kumi kutoka hapa, mwenye nao ana watoto kama mimi. Nimewahi kukataa mara mbili. Mara zote mbili nilimwona kijana yuleyule akihesabu noti upande wa pili wa barabara.

Sasa mngenipa kitu cha kushika. Laini iliyosajiliwa juzi, imepokea fedha dakika tano zilizopita kutoka kwa mtu isiyewahi kuwasiliana naye, inataka kutoa yote kwa mkupuo: mashine haishindwi kuliona hilo, maana kwenye kukopesha inajua mpaka tabia yangu ya kuweka vocha. Ikatae yenyewe. Iniandikie "subiri saa 24", nimwonyeshe kijana, agombane na mashine asigombane na mimi. Wateja wema watalalamika siku mbili tatu, watazoea. Walizoea vidole, watashindwa saa 24?

Halafu ule mlolongo wa RB. Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya ng'ombe aliyeibwa. Ng'ombe anatembea kwa miguu. Pesa ya simu inatoka Msamvu, inapita laini tatu, inatolewa mahali pengine kabla Mwalimu hajavuka barabara. Nataka namba moja ya simu, ileile kwa mitandao yote na benki zote, inayopokelewa usiku na mchana, ambayo nikiipiga pesa inashikwa kwanza popote ilipo na maswali yanafuata. Kama nimesema uongo nishtakiwe mimi, namba yangu mnayo na kidole changu mnacho. Jirani zetu Kenya, mtu akikosea namba kwenye M-Pesa anapeleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456 akiwa amesimama palepale. Haimaanishi pesa hurudi kila mara, lakini haanzi kwa kupanda daladala kwenda kituoni.

Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Tangu 7 Oktoba 2024, mtu akidanganywa akahamisha pesa mwenyewe kwa hiari yake, kama Mwalimu alivyofanya, benki inatakiwa kumrudishia, kikomo kikiwa pauni 85,000, na gharama wanagawana nusu kwa nusu, benki iliyotuma na iliyopokea. Singapore nao Desemba mwaka huohuo walianza utaratibu unaoweka wajibu kwa benki na kwa kampuni za simu pia kwenye utapeli wa viungo na kurasa bandia. Najua mtasema wale ni matajiri. Lakini akili iliyomo pale haihitaji utajiri. Kampuni iliyopokea pesa ya wizi ikianza kulipa nusu kutoka mfukoni mwake, mtaona wenyewe jinsi frilansa wa "weka tena kidole" atakavyopotea mtaani ndani ya mwezi mmoja. Leo hii laini ya wizi ni mteja kama mteja mwingine: inahesabiwa kwenye takwimu za laini milioni 90 na ushee mlizotangaza mwaka 2025, na inakatwa makato.

Na takwimu zenyewe. Kila robo mwaka TCRA mnatoa ripoti, mnaorodhesha majaribio ya utapeli kwa mikoa. Rukwa na Morogoro tumekuwa tukishika nafasi za juu, mpaka Dar watu wananitania nikipiga simu: "Ee, Moro hiyo, tusipokee." Haya, tumejua mikoa. Mbona hatuambiwi shilingi ngapi zimeibwa, ngapi zimerudishwa, mafrilansa wangapi wamefungiwa, kesi ngapi zimeisha kwa hukumu? Mkiniorodheshea majaribio tu mnanifanya nione aibu ya mkoa wangu, wakati mwizi wa Mwalimu alitumia jina la bibi wa mkoa ambao hata haumo juu ya orodha. Tena mnahesabu namba zilizotumika na pale zilipoonekana. Kidole kilichosajili kilikotoka hamkisemi.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nimewaacha mwisho si kwa dharau. Ninyi ni wageni kati yetu. Sheria yenu ni ya 2022, ikaanza kutumika 1 Mei 2023, na Rais Samia akawazindua Aprili 2024. Wengi hapa Msamvu hawajui kama mpo. Nawaomba kazi moja ya kuanzia. Benki Kuu ilipotaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni, Novemba 2024, watu walishangilia, lakini zile programu zilishachukua majina yote kwenye simu za watu. Mimi niliwahi kutumiwa ujumbe na wasionijua, wakiniambia dada fulani mteja wangu ni mwizi na nimfikishie salamu. Aliwakopa 30,000. Namba yangu waliitoa kwenye simu yake. Yale majina yako wapi leo? Nani alifutiwa, nani aliulizwa? Programu ikifungiwa, daftari lake haliungui.

Naliuliza kwa sababu najua linakokwenda. Zamani tapeli alirusha juya gizani. Akishapata daftari linaloonyesha nani mama wa nani, nani mwenye nyumba, mtoto anasoma wapi, harushi tena, anachoma mkuki. Kuna ile nyingine mnaijua, "mimi ni mwalimu wa darasa, mwanao ameanguka, tuma ya hospitali haraka". Siku hizi programu ikipewa kipande cha sauti kutoka kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, inaiga sauti hiyo. Itakapofika hapo, mzazi atasikia sauti ya mwalimu anayemfahamu, ikitaja jina la mtoto wake na darasa lake, na mimi nitakuwa nimeshika simu yake nikimuuliza kama ana uhakika.

Mwalimu bado anakuja. Kodi alikopa kwenye vikoba, anailipa kidogokidogo. Hatumi tena pesa kwa simu. Anampelekea mwenye nyumba mkononi, nauli ya daladala kwenda na kurudi. Kwangu anakuja kila Ijumaa kununua vocha ya 500, na kabla hajaondoka anauliza, "Wamesemaje?" Namjibu bado. RB anayo kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, maandishi yameanza kukatika kwenye mikunjo.

Kuhusu mama mdogo, tulifuata utaratibu. Tulikwenda dukani kwa kampuni ya simu, tukaeleza kwamba namba tatu si zake zifutwe. Wakamtaka athibitishe kwa kidole. Kidole chake ni cha mkulima, mashine ikagoma, binti wa mapokezi akamwambia, "Haijasoma, mama, weka tena." Mama mdogo akanitazama, akaurudisha mkono wake ndani ya khanga.

Namba zile tatu ninazo, nimeziandika nyuma ya daftari langu. Jumanne iliyopita nilipiga moja. Ikaita mara mbili, akapokea kijana, sauti ya usingizi. Nikasema, "Samahani, naongea na mama wa Kilosa?" Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimekosea namba, tena kwa heshima kabisa, akakata. Iko hewani mpaka leo ninapoandika. Yeyote kati yenu anayeihitaji anaikuta kwangu Msamvu, mwavuli wa kijani, kuanzia saa 1 asubuhi.

Wenu,
Wakala wa Msamvu, Morogoro